Manowari ya bomba tatu: Königsberg kutoka Kiel hadi matope ya Rufiji

Ukitaka kuelewa kwa nini manowari ya Kijerumani Königsberg iliishia kwenye matope ya Salale, katika delta ya Rufiji, anza na maghala yake ya mkaa wa mawe kabla hujafika kwenye mizinga. Masimulizi mengi hukimbilia siku mbili za mapigano ya Julai 1915, na kweli siku hizo ni nzito. Lakini meli hii ilikuwa imekwisha kubanwa miezi mingi kabla, na kilichoibana kilikuwa kimechorwa ndani yake tangu siku mafundi wa Kiel walipolaza mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli.

Mkuku ulilazwa Januari 1905 katika karakana ya serikali ya Kijerumani huko Kiel. Meli ikashushwa majini tarehe 12 Desemba 1905 na kuingia kazini tarehe 6 Aprili 1907. Angalia muda huo: miezi kumi na moja ya kujenga mwili wa meli, kisha karibu miezi kumi na sita ya kuijaza ikiwa tayari inaelea. Ndivyo ilivyo kwa meli za kivita za aina hii. Mwili unaposhushwa majini huwa karibu mtupu, kwa sababu uzito mkubwa ukiwekwa mapema unaulemea mteremko wa kushushia na kuipinda meli inapoteleza. Maboila, injini, mizinga na deraya (mabamba ya chuma ya kinga) huteremshwa baadaye kwa winchi kupitia matundu yaliyoachwa wazi kwenye sitaha, na sitaha hufungwa juu yake. Ndiyo maana boila likiharibika vibaya halitolewi kwa urahisi. Lazima upasue sitaha.

Königsberg ilikuwa ya kwanza kati ya meli nne za kundi lake, pamoja na Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Haikuwa meli kubwa ya mstari wa mbele yenye mizinga ya inchi 12. Ilikuwa kruza nyepesi: urefu mita 115.3, upana mita 13.2, uzito wa kawaida tani 3,390, na ikishiba mkaa, maji na risasi tani 3,814. Ilizama majini kiasi cha mita 5.3. Shika tarakimu hiyo ya mwisho, maana ndiyo iliyoamua inaweza kuingia mto gani na kwa maji gani.

Deraya ilikuwa juu ya sitaha ya ndani, unene wa hadi milimita 80 mahali palipofunika mitambo, na chumba cha nahodha cha vita kilikuwa na kuta za milimita 100. Ubavuni hapakuwa na mkanda mzito wa chuma. Kazi ya kruza nyepesi ni kuona, kukimbia, kupeleka habari kwa simu ya upepo na kuwinda meli za biashara. Ikikutana na kubwa yake, kinga yake ni kasi.

Kasi hiyo ilitoka kwenye maboila kumi na moja ya mkaa na injini mbili za mvuke za hatua tatu. Mvuke wenye nguvu kubwa huingia kwanza silinda ndogo, ukishasukuma pistoni huhamia silinda ya kati, kisha ile kubwa kuliko zote, na kila hatua hukamua nguvu iliyobaki. Stettin peke yake katika kundi ilipewa tabini, injini ambayo mvuke huzungusha mapanga badala ya kusukuma pistoni. Königsberg ilibaki na pistoni. Nguvu iliyokusudiwa ilikuwa farasi 13,200 na kasi maili 23 za baharini kwa saa. Katika majaribio ilipita 24.

Injini za pistoni zina faida moja kubwa: fundi mwenye nyundo, tupa na mashine ya kukereza anaweza kutengeneza sehemu zake nyingi. Lakini zina udhaifu wake pia. Kila mzunguko, uzito wa pistoni na fimbo yake hupanda, husimama na kushuka, na mshtuko wote hupita kwenye kiungo kinachoshikanisha fimbo ya pistoni na mkono unaozungusha mhimili. Ukiiendesha injini hiyo kwa kasi ya juu mfululizo, mafuta ya kulainisha hushindwa kukaa, beringi hupata moto, na kiungo hicho huanza kulegea au kupasuka. Tutarudi hapo.

Sasa mkaa. Maghala yalibeba hadi tani 880, na kwa mwendo wa maili 12 kwa saa meli ingeweza kwenda maili za baharini 5,750. Gawanya: ni kama saa 480, yaani siku ishirini, kwa wastani wa tani 44 kwa siku. Inaonekana nyingi. Lakini nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda karibu na kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka maili 12 hadi 23 kwa saa, mahitaji ya nguvu huzidi mara saba. Kwa hesabu ya kukadiria, maghala yaleyale yanayotosha siku ishirini za mwendo wa taratibu yanamalizika ndani ya siku tatu za mbio. Na siku hizo tatu wachochezi hawalali: mkaa unatolewa kwenye maghala ya pembeni kwa beleshi, unasukumwa hadi midomo ya tanuri, unatandazwa sawasawa juu ya wavu wa moto, na majivu yanakokwa na kutupwa baharini. Ukitandazwa vibaya, moto hufanya matundu, hewa baridi hupenya na shinikizo la mvuke hushuka mara moja.

Silaha kuu zilikuwa mizinga kumi ya sentimita 10.5, kila mmoja peke yake nyuma ya ngao: miwili ubavu kwa ubavu omoni (mbele), mitatu kila upande katikati, na miwili tezini (nyuma). Kwa mpangilio huo, ukipiga kwa ubavu mmoja unatumia mitano tu. Risasi zilikuwa 1,500, yaani 150 kwa kila mzinga. Wapiga mizinga wakitoa kumi kwa dakika kwa mizinga mitano, maghala yote ni mapigano ya nusu saa. Kulikuwa pia na mirija miwili ya topido chini ya maji, yenye topido tano kwa jumla. Mabaharia na maofisa walikuwa kiasi cha 320.

Miaka ya mwanzo haina mengi ya kusimulia: mazoezi Bahari ya Kaskazini na Baltiki, na kuisindikiza Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaisari. Aprili 1914 Max Looff akapewa uongozi, na mapema Juni meli ikatia nanga Dar es Salaam kuchukua nafasi ya Geier iliyokuwa imezeeka. Watu wa pwani wakaiita manowari na bomba tatu, kwa dohani zake tatu zilizopangana katikati.

Tarehe 31 Julai Looff alitoka Dar es Salaam ili asije akafungiwa ndani. Nje akakuta kruza tatu za Waingereza kutoka Rasi ya Tumaini Jema chini ya Admeri King-Hall: Hyacinth, Astraea na Pegasus. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa bado haijatangazwa kati yao. Wote watatu walikuwa wazito wa mwendo, na mvua ya ghafla ilipowafunika Königsberg ikachochea moto na kuwapotea. Hapo kasi ilifanya kazi yake sawasawa. Lakini mbio za namna hiyo zinakula mkaa, na kituo cha mkaa alichokitegemea kilikuwa nyuma yake.

Tarehe 6 Agosti, upande wa Omani, ikaikamata City of Winchester, meli ya shehena ya Kiingereza iliyobeba chai, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita hiyo. Mkaa ulitolewa humo na meli ikazamishwa siku chache baadaye kwenye visiwa vya Khuriya Muriya. Shida ni kwamba ulikuwa mkaa wa India, hafifu. Mkaa wenye majivu mengi hauchomi kama ule wa migodi mizuri ya Wales au Westfalia: hutoa moshi mzito unaoonekana maili nyingi, huacha masizi kwenye mirija ya boila, na majivu yake huganda kuwa vipande vigumu vinavyoziba wavu. Meli iliyotengenezwa kwenda maili 23 kwa saa haifiki huko kwa mkaa huo, na kila siku unayoutumia unaongeza kazi ya kusafisha maboila ambayo baharini haifanyiki vizuri.

Huku nyuma, tarehe 8 Agosti, Astraea ilipiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wakuu wa koloni, kwa kuhofia Waingereza wasiingie bandarini, wakazamisha chelezo kinachoelea kwenye mlango wa bandari na kuiua pia Möwe, meli ya upimaji wa bahari. Kwa uamuzi huo walimfungia mlango mwenye nyumba. Mimi naona hapo ndipo hatima ya Königsberg ilipoamuliwa, mwezi mzima kabla haijapiga kombora lolote dhidi ya meli ya kivita. Karakana, ghala la mkaa, mafundi na hospitali vilikuwa Dar es Salaam, na meli haikuweza tena kuingia.

Lakini Möwe ilikuwa imeacha kitu cha thamani. Kabla ya vita ilikuwa imepima kina cha mikondo ya Rufiji, na vipimo hivyo vilionyesha njia zenye kina kuliko ramani za Kiingereza zilivyosema. Waingereza waliamini meli ya bahari kuu haiwezi kupenya pale. Looff alijua inaweza, mradi usubiri maji kujaa. Tarehe 3 Septemba Königsberg ikavuka mchanga wa mlangoni na kupanda hadi Salale, na mkaa ukaletwa kwa matishali kutoka Dar es Salaam na kwa meli yake ya ugavi, Somali.

Kuingiza meli inayozama mita 5.3 kwenye mlango wa mto kunahitaji hesabu ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi. Maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, na tofauti kati ya bamvua na maji mafu ni kubwa. Unaingia maji yanapokaribia kujaa kabisa lakini bado yanapanda, ili ukigusa mchanga maji yanayoongezeka yakunyanyue. Ukiingia yakiwa yameanza kupwa na ukakwama, utalala ubavu hadi bamvua nyingine. Ndani ya mto kuna ugumu wa pili: matope ya delta huhama baada ya kila masika, na mtego wa jana ni mkondo wa leo. Ndiyo maana watu wa Rufiji, waliojua mito ile kwa mitumbwi, walikuwa na maana kuliko ramani yoyote.

Habari ikafika kwamba kruza ya Kiingereza iko bandarini Unguja. Ilikuwa Pegasus, ikiwa imezima moto kwa ajili ya matengenezo ya mitambo. Looff akatoka Rufiji na maji ya tarehe 19 Septemba na kufika alfajiri ya tarehe 20. Akafungua moto kwa umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuweza kujibu. Katika muda usiofika saa moja Pegasus ilikuwa imevunjwavunjwa, watu zaidi ya 30 wamekufa, na alasiri ikapinduka na kuzama. Wakati wa kuondoka, Wajerumani walitupa mapipa yaliyojazwa mchanga mlangoni ili yadhaniwe kuwa mabomu ya baharini. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yako kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe.

Kwa nini Pegasus haikuweza kujibu wakati mizinga yake nayo ilikuwa ya inchi 4, karibu kipenyo kilekile? Kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 11 na ushee, dhidi ya kilo 16 na zaidi za Wajerumani. Kombora zito la kipenyo kilekile hupoteza kasi polepole zaidi angani. Na kiti cha mzinga wa Kijerumani kiliruhusu mtutu kuinuliwa hadi digrii 30, ukafika zaidi ya kilomita 12. Mzinga unaoishia kuinuka digrii chache hauna pa kupeleka nguvu yake hata ukiwa na baruti nzuri.

Looff alikusudia kuendelea kusini. Injini ikakataa. Kile kiungo cha fimbo ya pistoni kiliharibika katika injini moja, na si jambo la kufunga kwa waya: ni kipande kizito cha chuma kilichofuliwa, kinachopaswa kukerezwa kwa usahihi hadi kikae sawa na reli zake. Meli ikarudi Rufiji. Sehemu zilizoharibika zikabebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa kwa njia ileile ya matope, mchanga na mabega ya watu. Kazi ilifanikiwa, injini ikawa tayari. Lakini wiki zilizopotea ndizo zilizowapa Waingereza nafasi.

Waingereza walileta kruza tatu mpya, Chatham, Dartmouth na Weymouth, chini ya Kapteni Drury-Lowe. Tarehe 19 Oktoba Chatham iliikuta meli ya biashara Präsident imejificha Lindi, na karatasi zilizokutwa humo zilionyesha mkaa uliopelekwa Rufiji. Mwisho wa mwezi milingoti ya Königsberg ikaonekana juu ya mikoko. Novemba wakaichoma Somali kwa makombora, na tarehe 10 wakazamisha meli kuukuu iitwayo Newbridge ndani ya mkondo wa Suninga ili kuuziba. Delta ina milango mingi, Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na mingine, kwa hiyo kuziba mmoja hakukumaliza shauri. Ikaletwa hata Goliath, meli kubwa ya vita halisi yenye mizinga ya inchi 12. Ilizama majini karibu mita 8. Ikabaki mbali pwani bila njia ya kukaribia, na makombora yake hayakufika.

Huo ndio mtego kamili. Königsberg haikuweza kutoka kwa sababu ya kruza zilizongoja nje, na mkaa uliobaki haukutosha safari ya kurudi Ujerumani kuzunguka Rasi. Waingereza hawakuweza kuingia kwa sababu ya kina, na kwa sababu kikosi cha Wajerumani chini ya ofisa Schönfeld kilikuwa kimechimba mahandaki midomoni mwa mto, kikiwa na mizinga midogo, bunduki za rashasha, na simu za waya zilizounganisha vituo vya walinzi na meli. Miezi minane ikapita hivyo, malaria ikichukua watu kila upande, na Looff akiihamisha meli mara kwa mara kupanda mto.

Kuitafuta kutoka angani kulianza na rubani raia, Dennis Cutler, na ndege yake ya majini aina ya Curtiss kutoka Durban. Aliiona Novemba, akaangukia mikononi mwa Wajerumani Desemba. Zilizofuata, aina ya Sopwith, zilionyesha jinsi mashine iliyoundwa kwa baridi inavyoshindwa huku: gundi ya mbao ililegea kwa joto na unyevu, propela zikaachana tabaka, na hewa nyepesi ya joto ikaipunguzia injini nguvu na mabawa uwezo wa kunyanyua, hata ndege ikashindwa kupanda ikiwa na watu wawili. Kisiwa cha Mafia kilipotekwa Januari 1915 kikawa kituo cha ndege za magurudumu, Farman na Caudron, ambazo zilifaa zaidi.

Ujerumani haikukaa bure. Aprili 1915 meli Rubens, ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilileta mkaa, makombora ya sentimita 10.5, bunduki na mamilioni ya risasi. Hyacinth ikaifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ambako nahodha wake Christiansen aliipandisha ufukoni. Waingereza wakaipiga, ikaungua, wakaondoka. Silaha nyingi ziliokolewa kwa kupiga mbizi, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Mkaa wa Königsberg ndio uliobaki pale. Kwa jeshi la nchi kavu la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni, Rubens ilikuwa neema, na kwa manowari ilikuwa mwisho wa tumaini la kutoka.

Jibu la Waingereza lilikuwa meli zilizojengwa na Vickers kwa ajili ya mito ya Brazil, kisha zikanunuliwa vita ilipoanza: Severn na Mersey. Zilizama majini chini ya mita 2, na kila moja ilibeba mizinga miwili ya inchi 6. Zikakokotwa kutoka Malta hadi Mafia, zikafika Juni 1915. Hapo zikaongezwa mabamba ya chuma, magunia ya mchanga, na madebe matupu ndani ya mwili ili zikitobolewa zisizame.

Tarehe 6 Julai, kabla ya mapambazuko kukamilika, zikaingia kwa mlango wa Kikunja chini ya risasi za walinzi, zikatia nanga umbali wa kilomita kama 9 au 10 kutoka kwa adui zisiyemwona. Ndege juu ilitazama makombora yanapoangukia na kutuma marekebisho kwa simu ya upepo. Siku nzima walipiga makombora 635 na yaliyogonga hayafiki kumi. Kwa nini? Meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Mtazamaji angani aliona michupo ya maji na matope lakini hakuweza kujua ni ya nani, kwa hiyo marekebisho ya Mersey yaliipotosha Severn, na ya Severn yakaipotosha Mersey. Ongeza ndege kulazimika kurudi kwa mafuta na kuacha mapengo. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na mtazamaji juu ya mti karibu na meli za adui, na makombora yao yaliangukia karibu mno. Moja liliua watu kwenye mzinga wa mbele wa Mersey na kuunyamazisha. Severn ilipogundua jukwaa lile mtini na kulipiga, ulengaji wa Königsberg ulidorora hapohapo. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa vita hiyo kuonyesha kwamba mzinga bila macho ni kelele.

Tarehe 11 Julai walirudi na utaratibu mpya: mmoja apige, mwingine anyamaze. Severn ilitia nanga na kupiga peke yake, na baada ya mapigo machache marekebisho ya ndege yakaileta kwenye shabaha. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa ikaanza kuanguka, na Arnold akaendelea kutuma marekebisho ikishuka kuelekea mtoni. Wote wawili waliokolewa. Ndani ya Königsberg mizinga ikanyamaza mmoja baada ya mwingine kwa kukosa watu. Maghala ya baruti yakafurikishwa maji ili yasilipuke. Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru vizibo vya nyuma vya mitutu vitupwe mtoni, watu washuke, na meli itobolewe kwa kichwa cha topido. Ikakaa juu ya matope, sitaha ikiwa karibu na usawa wa maji.

Kukaa kwenye maji ya kina kifupi ndiko kulikoleta maisha ya pili. Mizinga yote kumi iliokolewa. Vizibo viliopolewa mtoni, kwa kuwa bila kizibo chake, kilichochongwa kukutana na mtutu huohuo, mzinga ni bomba tu. Kila mtutu una urefu wa mita 4.2 na uzito unaozidi tani moja na nusu, bila kiti chake. Uliinuliwa, ukashushwa kwenye vyombo, ukakokotwa hadi nchi kavu na kupelekwa Dar es Salaam, ambako karakana za reli ziliunda magari ya magurudumu. Mzinga wa meli unarudi nyuma ukipiga na kutegemea uzito wa sitaha kuuzuia. Nchi kavu gari lake lazima lizikwe mkia ardhini na kutiwa kabari, la sivyo linaruka na kupoteza shabaha kila pigo.

Mizinga hiyo ikasambazwa koloni zima. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, kabla ya kuondolewa na nafasi yake kuwekwa wa mbao wa kudanganyia. Götzen yenyewe ilizamishwa 1916, ikafufuliwa na ndiyo Liemba ya leo. Mingine ilipiga Kondoa Irangi mwaka 1916, na mizinga ya Pegasus, iliyookolewa Unguja, ilikuwa upande wa pili wa vita hiyohiyo. Kuivuta porini kulihitaji mamia ya wapagazi kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwenye tope na mbuga yenye mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe. Majina ya maofisa tunayo. Majina ya waliovuta hayakuandikwa, nami naona hilo ni pengo kubwa kuliko yote katika historia ya meli hii. Kabla Lettow-Vorbeck hajavuka Ruvuma Novemba 1917, mizinga yote kumi ilikuwa imetekwa au kulipuliwa.

Mabaki ya meli yalianza kuvunjwa 1924, pale John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, aliponunua haki ya kuchukua shaba na madini mengine ya thamani. Uchukuaji uliendelea kwa mikono mingine kwa miongo kadhaa. Mwili ukalala ubavu, na katikati ya miaka ya 1960 ukaporomoka na kumezwa na mto.

Mizinga mitatu bado ipo: Pretoria kwenye Union Buildings, Jinja nchini Uganda, na Fort Jesus mjini Mombasa. Pale Fort Jesus upo pia mmoja wa Pegasus, na wageni wengi huwachanganya. Chukua rula na upime mdomo wa mtutu kutoka ukingo hadi ukingo wa tundu: wa Königsberg ni milimita 105, wa Pegasus ni 102 kasoro kidogo. Pima mahali pasipo na kutu wala rangi nene, maana koti kadhaa za rangi zinatosha kuzila milimita tatu hizo.